Guni ya Kumi na Mbili

Sanduku la Fundi Anuar lilistahiki heshima kuliko Anuar mwenyewe. Lilikuwa jeusi, la plastiki nzito, lenye vifungo viwili vya chuma, na ndani yake mlikuwa na sponji iliyokatwa mashimo, kila chombo na shimo lake. Kaka yake ndiye aliyemletea kutoka Dubai. Asubuhi ile, barazani kwa Bi Zeyana, Malindi ya Unguja, Anuar alilifungua taratibu, kwa taadhima ya mgeni rasmi anayekata utepe, akatoa kidude cha kupimia kwa mwanga mwekundu, akakipuliza vumbi ambalo halikuwapo.

Ilham alisimama pembeni, mikono mitupu.

"Na vyombo vyako wewe, dada?" Anuar akamuuliza.

"Nnakwenda kuvinunua."

"Leo?"

"Leo."

Anuar akamtazama Bi Zeyana kama daktari anavyomtazama daktari mwenziwe juu ya kichwa cha mgonjwa asiye na matumaini.

Ilham alikuwa fundi kamili, hilo halikuwa na shaka ila kwa Anuar. Alisoma useremala kwenye kituo cha mafunzo ya amali, kisha akafanya kazi miaka mitatu kwenye karakana ya hoteli moja Kiwengwa, akipiga msasa vitanda ambavyo wageni huvilalia ili wabadilike rangi. Vyombo vyote vilikuwa vya hoteli. Hata penseli zilikaguliwa jioni, kama vijiko kwenye bwalo la skuli ya bweni. Siku alipoacha kazi alitoka na aproni na kikohozi. Mcha, msimamizi wa karakana, alimwambia langoni: "Msasa wako nauweka. Jumatatu moja utarudi." Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomkera Ilham kuliko tusi.

Sasa Bi Zeyana alikuwa na nyumba ya mawe yenye madirisha kumi, na mabawa ya mbao ya madirisha yote yameoza. Fremu zilikuwa nzima, za msaji, kongwe kuliko mtu yeyote mtaani. Masharti yake aliyatoa akiwa amekaa, buibui mabegani, paka miguuni.

"Mafundi nyote waongo," alisema. "Sina haja ya kusikiliza nani mwongo zaidi. Kila mmoja achukue dirisha moja. Siku kumi. Yule ambaye la kwake litakaa, atapata manane yaliyobaki. Ambaye halitakaa, achukue mbao zake aondoke. Na fremu zangu haiguswi hata moja. Atakayeitia patasi fremu yangu, nami nitamtia patasi yeye."

Madirisha manane kwa Ilham ilikuwa ni karakana yake mwenyewe, uani kwao Mpendae. Dirisha moja lisilokaa ilikuwa ni Jumatatu ya Mcha.

Duka la Wakil liko Darajani, ndani kidogo, baada ya wauza ndoo. Wakil alikuwa mzee wa imani moja tu ya biashara: kila kitu dukani mwake kilikuwa orijino. Misumari orijino, kamba orijino. Panya waliokuwa wakitoboa mifuko yake ya saruji, angeulizwa, nao angewatolea dhamana.

"Shikamoo, mzee. Naomba futi kamba tatu."

"Marahaba. Tatu za nini? Una mikono mingapi?"

"Nataka moja. Nipe tatu nichague."

Akazivuta zote, akazilaza sambamba juu ya kaunta. Zilikuwa zimetoka kiwanda kimoja na katoni moja, lakini juu ya suala la futi sita ni urefu gani hazikuwa na kauli moja. Ya kwanza ilisema hapa, ya pili ilisema hapo, na ya tatu ilikuwa na maoni yake binafsi, kwa sababu kile kikucha cha chuma cha mwanzoni, kinachoshika ukingo wa ubao, kilikuwa kikicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Ipi ya kweli?"

"Zote orijino."

"Sikukuuliza kabila lao, mzee."

Akachukua ya kwanza, si kwa kuiamini, bali kwa kuidharau kidogo kuliko wenziwe. Kisha akaomba guni, kile chuma cha pembe mraba ambacho fundi hukiegemeza kwenye ubavu wa ubao ili mstari wake usiende upande. Wakil akamsogezea moja.

"Nipe sanduku zima."

Ilham akaokota kipande cha plaiwudi chenye ubavu ulionyooka, akachonga penseli mpaka ikawa kama sindano, akaanza. Aliegemeza guni kwenye ubavu, akachora mstari. Akaipindua upande wa pili, akachora tena kutoka nukta ileile. Guni ikiwa ya kweli, mistari miwili huwa mmoja. Ikiwa ya uongo, mistari huachana juu kama miguu ya ngamia mchanga. Ya kwanza ikaachana. Ya pili ikaachana. Nyuma yake foleni ilikuwa ikiota: mwashi mmoja mwenye chokaa nyusini, fundi bomba, na mama aliyetaka bawaba mbili za kabati.

"Mwanangu," Wakil akasema, "unanunua au unasahihisha mitihani?"

"Nasahihisha. Mpaka sasa watahiniwa sita, waliofaulu hakuna."

Ya saba ilikuwa na sura kuliko zote. Mpini wake ulikuwa wa buluu, umebanduka rangi mahali pamoja tu, kovu dogo la umbo la mwezi mchanga. Mtu yeyote angeioa. Ilham akachora, akaipindua, akachora, na mistari ikaachana kiasi cha kupitisha kifuniko cha kalamu. Akairudisha sandukuni kwa heshima zote za mazishi. Ya nane, ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, zote zilimfuata marehemu. Ya kumi na mbili ilikuwa chini kabisa, imeshika kutu, haina rangi, haina hata jina la kiwanda. Akachora. Akaipindua. Akachora, na penseli ikapita juu ya mstari wa kwanza kama gurudumu kwenye reli.

"Hii."

Wakil akainama kuitazama. "Kumbe hiyo ndiyo nzuri? Basi bei yake siyo hiyo."

"Umeandika mwenyewe kwenye sanduku, zote bei moja."

"Bei moja ni ya hizo mbovu."

Mwashi akajifuta chokaa nyusini ili aone vizuri.

"Mbovu?" akauliza. "Mzee Wakil, mimi juzi si nimechukua moja hapahapa? Ukuta wangu wa Bububu unakwenda upande, namtukana kibarua siku ya tatu hii."

Wakil akaitazama ile guni ya kutu, akamtazama mwashi, akamsogezea Ilham guni yake kwa kidole kimoja. "Chukua, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nenda na salama."

Vilivyobaki Ilham alivinunua duka la vifaa vya skuli, kwa sababu mtoto wa darasa la sita hudanganywa mara chache kuliko fundi. Rula ya chuma. Mkebe wa hesabu, kwa ajili ya bikari iliyomo ndani. Mahati, kile kidude cha kuchora mstari unaofuata ubavu wa ubao, alijitengenezea nyumbani kwa vipande viwili vya mwembe na msumari alionoa ncha. Kisu cha kuchorea alikisaga kutoka kwenye kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika. Alipokuwa akitoka dukani, mkebe mkononi, nani kapita kama si Anuar, na sanduku lake begani.

"Mkebe?" Anuar akasema. "Unarudi skuli?"

"Ndiyo. Na wewe ungerudi. Hujachelewa."

"Dada, chombo ni sura ya fundi. Mteja akiona mkebe, anaona mtoto."

"Na akiona sanduku?"

"Anaona fundi."

"Basi mwachie sanduku lifanye kazi, wewe kapumzike."

Siku ya kupima, Anuar alimaliza kabla kahawa haijapoa. Alikiegemeza kidude chake kwenye fremu ya dirisha lake, kikalia, akasoma kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari: "Sentimita sabini na nne, nukta tatu." Akakielekeza juu, kikalia tena, akasoma tena. Namba mbili. Akaziandika kwenye simu, akafunga sanduku, vifungo vikalia kwa sauti ya kutosha kusikika bandarini. Anuar alikuwa amepata sifa zake Mpendae na Tomondo, kwenye nyumba za matofali ya saruji, ambako dirisha hupimwa mara mbili na dunia nzima inakubali.

Ilham alikaa kwenye dirisha lake mpaka adhuhuri. Hakuandika namba hata moja. Alikuwa na fito nyembamba za mbao. Aliusimamisha ufito ndani ya fremu, akaukata kwa kisu pale fremu inapoishia. Ufito wa upana, ufito wa urefu. Kisha fito mbili za kona kwa kona, mmoja kutoka chini huku mpaka juu kule, mwengine kinyume chake.

Bi Zeyana alikuja kusimama nyuma yake. "Dirisha langu lina kipimo gani?"

"Sijui, Bi Zeyana."

"Hujui? Umekaa hapa tangu asubuhi."

"Fito zinajua."

Bi Zeyana alimtazama kwa muda anaotumia mtu kutazama samaki anayedaiwa kuwa wa leo, kisha akaondoka. Kutoka barazani Anuar, aliyebaki kwa ajili ya kahawa ya pili, alisikika akisema kwamba zamani watu walipima hivyo, kabla ya kuletwa hesabu.

Hapa inabidi, kwa masikitiko makubwa, kuripoti upumbavu wa Ilham. Nyumbani alizilaza zile fito mbili za kona, akaona mmoja umeuzidi mwengine vidole viwili. Akatabasamu. Maana yake fremu haikuwa mraba. Ilikuwa imelala upande, taratibu, kwa miaka mia na zaidi, pamoja na nyumba yote. Bawa la mraba halingeingia humo hata likiombewa dua. Alifurahi sana. Alimfikiria Anuar na nukta tatu yake, akacheka peke yake uani, akachukua ubao wa kwanza wa mvule, akaegemeza guni, akainua kisu, na hapo ndipo alipogundua kwamba hakuweka alama yoyote. Ufito mrefu ulikuwa wa kona ipi? Dirisha limelala kushoto au kulia? Akikosea, mabawa yake yatakuwa mabaya mara mbili kuliko ya Anuar: yatainama upande mmoja na nyumba upande mwengine, kama watu wawili waliogombana kitandani. Alikuwa ameutumia mchana mzima kumdharau mtu, akasahau kuchora mshale.

Hakuwa na njia ila kurudi Malindi. Alimkuta Bi Zeyana barazani, na Anuar yupo, maana kahawa ya bure haina siku.

"Umesahau nini?" Bi Zeyana akauliza.

Ilham akafikiri uongo wa aina tatu, akaona wote mbovu. "Nimesahau dirisha limeinama upande gani."

Anuar akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Bi Zeyana, umesikia? Fundi hajui kushoto wala kulia, sasa anasingizia dirisha."

Lakini Bi Zeyana hakucheka. "Nyumba hii ameijenga babu yangu," akasema. "Haijainama. Labda umeinama wewe."

"Naomba nikuonyeshe, Bi. Nikikosea, sirudi tena."

Wakapanda juu wawili tu, ngazi kwa ngazi, Bi Zeyana akihema kwa hasira. Ilham akaitia guni yake ya kutu kwenye kona ya fremu. Upande mmoja ilishika. Upande wa pili mwanga wa mchana ukapita katikati ya chuma na mbao, mwembamba juu, mpana chini. Bi Zeyana akainama akautazama. Kisha Ilham akampa ule ufito mrefu, akamwacha aushike mwenyewe. Kona moja uliingia sawasawa. Kona nyengine ulizidi, ukakataa, ukabaki nje vidole viwili. Bi Zeyana akaujaribu tena. Akaupindua, akaujaribu kwa mara ya tatu, kama ndege aliyeambiwa kiota si chake.

Akaurudisha. "Kuelekea baharini," akasema.

"Naam?"

"Imeinama kuelekea baharini. Weka alama zako." Akajifunga buibui. "Na usimwambie mtu."

Siku ya kumi ilipofika, mabawa ya Anuar yalikuwa yameegemea ukutani barazani tangu saa mbili, yamepakwa vanishi mpaka paka alijiona ndani yake akanuna. Mabawa ya Ilham yalipoteremshwa kwenye gari ya kukokota, kila mtu barazani alitazama kando kwa huruma. Nje ya fremu yao yalionekana kama yametengenezwa na mtu aliyeamka vibaya. Anuar hakuamini bahati yake. Akafungua sanduku, akatoa guni yake inayong'aa, akaiweka kwenye kona ya bawa la Ilham mbele ya watu wote.

"Bi Zeyana, njoo uone mwenyewe. Limekwenda upande. Angalia mwanga unavyopita. Mimi sisemi neno, chombo ndicho kinachosema."

"Nimeona," Bi Zeyana akasema. "Tangulia wewe."

Ghorofani, bawa la kwanza la Anuar likaingia chini vizuri, likapanda, likafika juu, likakwama. Akalisukuma. Likalia. Akalitoa, akalipiga randa kona ya juu, akalirudisha. Sasa juu likapita, chini kukaachwa upenyo. Akapiga randa kona nyengine. Kila alipopunguza huku, kule kulizidi kucheka. Vanishi ilikuwa imetapakaa sakafuni kama vumbi la dhahabu. Alitoa kidude cha mwanga, akapima tena, kikalia: sabini na nne, nukta tatu, ileile, kwa uaminifu wote. Paka wa Bi Zeyana akautazama upenyo wa chini, akapitisha kichwa, akapitisha mabega, akatokea upande wa pili kwenye ukingo wa dirisha, akaketi kujilamba.

Hapo Anuar alitamka sentensi ambayo, kama angekuwa na rafiki mmoja tu katika chumba kile, ingezibwa kwa kiganja.

"Bi Zeyana, kusema kweli, tatizo si dirisha langu. Fremu yako imepinda."

Bi Zeyana hakupandisha sauti. "Fremu yangu ina miaka mia na thelathini," akasema. "Dirisha lako lina siku kumi. Kipi kimepinda?"

"Wallahi fremu, Bi. Nyumba yote imelala. Muulize huyu." Akamgeukia Ilham. "Wewe si ulisema imeinama? Mwambie."

Ilham akawaona wote wawili wanamtazama: Anuar kwa dua, Bi Zeyana kwa jicho lile la samaki wa leo.

"Mimi nani hata niisemee nyumba ya mtu?" akasema. "Mimi nina fito tu."

Bi Zeyana akapapasa vanishi ya Anuar kwa ncha ya kidole. "Dirisha zuri," akasema. "Zuri sana. Katafute nyumba yake."

Kisha zamu ya Ilham, chumba cha pili. Alipachika bawa la kushoto kwenye bawaba. Likaingia. Kona ya juu iligusa kidogo. Akaipiga randa mara moja, unyoya wa mbao ukaanguka, akalirudisha. Bawa la kushoto likajifunga lenyewe kwa adabu. La kulia, kwa kuwa nyumba ilikuwa imelala ilivyolala, likajifungua lenyewe kwa utovu wa adabu, mpaka alipotia komeo. Baada ya hapo yakakaa, mstari wa katikati sawa kutoka juu mpaka chini, na chumba kikawa giza. Paka, aliyewafuata kwa nje ukingoni, akalia, hakupata mwanya.

"Manane yaliyobaki, na lile la Anuar," Bi Zeyana akasema gizani, "kila moja lina tabia zake. Usinishukuru. Chora mishale."

Wiki ya tatu Ilham alikuwa kwenye dirisha la nne, fito zake zimejaa mishale kama ramani ya vita, Anuar alipotokea mlangoni. Hakuwa na sanduku. Alikuwa amefunga kitu kwenye gazeti, akakifungua kwa taadhima iliyobaki.

"Nimekwenda kwa yule mzee wako wa Darajani," akasema. "Wakil. Siku hizi guni zake zina kibao: Zimepimwa na fundi wa Malindi. Amepandisha bei, lakini nikasema, kitu kizuri hakikosi gharama. Tazama. Mwenzi wa ile yako."

Mpini wa buluu, wenye kovu dogo la umbo la mwezi mchanga.

Ilham aliishika, akaigeuza mkononi kwa makini ya hakimu, akamrudishia.

"Naikumbuka hii," akasema. "Ilikuwa ya saba."

"Ya saba?" Uso wa Anuar ukang'aa. Akaifunga tena kwenye gazeti, taratibu, isikwaruzike, akashuka ngazi akipiga mluzi.